Kilo Kumi na Nane

Daktari hakuuma maneno: figo inafaa,
damu zenu zimepatana, ila mwenye figo ni mzito.
Apungue kilo kumi na nane, ndipo tuzungumze habari ya kisu.
Ukacheka, Bogumil, ukajipiga paja,
wewe ambaye kule bandarini Gdynia
hunyanyua makontena ya tani thelathini kwa vidole viwili,
umeketi katika kibanda cha kioo juu ya kreni
na chupa ya chai, na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe.
"Kumi na nane? Hizo nazimwaga kabla ya Krismasi."

Krismasi ikapita. Zilitoka nne,
mbili zikarudi kwa mlango wa nyuma
pamoja na keki ya asali ya shangazi Wieslawa.

Nami dada yako hupimwa.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi: mzani kabla, mzani baada.
Muuguzi Sylwia huandika: mbili na nusu zimetoka.
Maji tu. Yale niliyoyaiba,
kijiko cha supu, kipande cha barafu, funda la usiku.
Saa nne nzima damu yangu hutembea nje yangu
ndani ya mirija, hurudi imechujwa, imechoka.
Watu husema damu nzito kuliko maji.
Mashine yangu inajua uzito wa vyote viwili.

Januari ukaacha kujigamba, nikajua sasa umeanza.
Lifti ya kreni ukawaachia vijana.
Ngazi mia mbili na kumi, za chuma,
upepo wa Baltiki ukikuchapa masikio.
Siku ya kwanza ulipumzika mara sita. Ya pili, mara saba.
Ukasema goti linalia kama bawaba ya lango.
Sukari ukaiaga. Bia ukaiaga,
na hiyo uliiaga mara tatu.
Ukapima chakula kwa mzani wa jikoni wa marehemu mama,
ule wa sahani ya buluu aliopimia unga wa Pasaka:
samaki wa kuchemsha, yai, kabichi,
kabichi tena.
Mkeo Danuta alinipigia simu, akisema kwa kunong'ona:
usiku hukusikia ukifungua jokofu,
ukasimama pale mwangani
kama mtu aliyesahau alichofuata,
kisha ukafunga.

Hilo ndilo lililoniliza. Si ngazi.
Ule mlango kufungwa.

Sikukuomba. Nataka hilo lijulikane.
Kila kilo unayoitua naitwika mimi,
na ziko siku nilizotamani ushindwe,
unene tena kwa amani, unisahau,
nibaki na mashine isiyonidai chochote.
Kisha nikaona mkanda wako:
matundu matatu mapya, umeyatoboa kwa msumari,
yamekwenda upande, moja limepasuka.
Nikanyamaza.

Alhamisi ya Mafuta, kabla ya Kwaresima, mji mzima hula maandazi.
Foleni hufika barabarani, hata mapadri hupanga mstari.
Ukaja wodini na moja ndani ya karatasi,
jamu ya waridi ikivuja pembeni.
Zimetoka saba, ukasema. Zimebaki kumi na moja.
Ukalitandika andazi juu ya blanketi langu kama hirizi.
"Kula. Wewe umeruhusiwa."
Nikalila lote, taratibu, mkono mmoja umefungwa mirija,
nawe ukilitazama kila tonge likishuka,
taya lako likitafuna hewa.
Sukari ikabaki kidoleni. Nikakunyoshea.
Ukatazama mlangoni kama mtoto, ukaramba.

Mzani wa baada ulizidi gramu themanini.
Sylwia akainua kalamu, akauliza hizi ni za nini.
Nikamwambia: si zangu.
Ziandike kwa kaka yangu.